Mashine Isimfiche Mwalimu Kosa la Mwanafunzi

Muhula uliopita nilisahihisha insha arubaini za wanafunzi wangu wa mwaka wa pili na, kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha chuo kikuu, kalamu nyekundu ilikosa kazi. Sarufi ilikuwa safi. Vituo vilikaa mahali pake. Kila aya ilianza kwa sentensi iliyotangaza jambo litakalosemwa, na kumalizika kwa sentensi iliyorudia jambo lililokwisha kusemwa. Mwalimu mwingine pengine angalimshukuru Mungu. Mimi niliingiwa na wasiwasi, kwa kuwa majuma mawili kabla ya hapo nilikuwa nimewasikiliza vijana hao hao wakijadiliana darasani, na Kiswahili nilichokisikia siku ile hakikuwa hiki nilichokuwa nikikisoma.

Nikafanya jambo la kizamani. Niliingia darasani na rundo la karatasi zenye mistari, nikawataka wazime simu, kisha waniandikie kwa mkono aya moja tu kuhusu siku yao ya kwanza kuja chuoni. Nusu saa ilitosha. Nilipoketi kusoma usiku ule, makosa yalikuwa yamerejea kama mbayuwayu baada ya masika: "kitambulisho yangu ilipotea", "chakula ilikuwa baridi", "viatu zangu zilijaa matope".

Nilifurahi. Msomaji asinifahamu vibaya. Sikufurahia kuona vijana wa chuo kikuu wakilegalega katika upatanisho wa kisarufi. Nilifurahi kama afurahivyo tabibu ambaye mgonjwa wake, baada ya kusema "sijambo" kila siku, hatimaye amekubali kufunua kidonda.

Katika taaluma ya isimu, kosa la anayejifunza lugha ni hazina. Mwaka 1967 mwanaisimu Mwingereza, Pit Corder, alichapisha makala ambayo hadi leo husomwa na kila anayeandaliwa kuwa mwalimu wa lugha. Hoja yake ni kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi: yanaonyesha ni kanuni gani amejiundia kichwani hadi sasa, na kwa hiyo yanamwambia mwalimu somo linalofuata liwe lipi. Tazama mifano yangu mitatu. Mwalimu mwenye haraka atahesabu makosa matano ya upatanisho. Mwalimu mwenye jicho ataona kosa moja. Kijana huyu amevitia vitu vyote visivyo na uhai katika ngeli ya I-ZI, kiwe kitambulisho, kiwe chakula, viwe viatu. Lakini anapoandika "kondakta alikasirika" au "abiria walicheka", hakosei hata mara moja. Kumbe anayo sarufi timamu, yenye mpango wake, ila si sarufi sanifu. Ni sarufi ya mitaa ya Nairobi aliyokulia. Hahitaji kusahihishwa mara tano. Anahitaji kufundishwa jambo moja, kwamba ngeli ya KI-VI ipo na ina viambishi vyake, kisha afanyishwe mazoezi mpaka ulimi uzoee.

Programu ya akili unde huyarekebisha yote matano kwa kufumba na kufumbua, na ile kanuni iliyoyazaa inabaki salama salimini kichwani mwa mwenyewe. Mwanafunzi hakujifunza, na mimi sikujua kwamba hakujifunza. Hasara hiyo ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi, na ndiyo sababu ya makala haya. Mjadala wetu kuhusu teknolojia darasani kwa kawaida huwa kati ya wanaoitaka na wasioitaka. Kwangu mimi kipimo ni kingine: je, chombo hiki kinamsaidia mwalimu kuliona kosa la mwanafunzi mapema zaidi, au kinamfunika macho?

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hapa petu kinyemi hicho kimegharimu fedha nyingi. Mwaka 2013 serikali iliyokuwa imeingia madarakani iliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilibatilishwa baada ya mvutano uliofika mahakamani, mradi ukasukwa upya, na kuanzia mwaka 2016 vishikwambi vikaanza kusambazwa. Vifaa zaidi ya milioni 1 vilifikishwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Sitaki kuubeza mradi huo. Ziko shule zilizopata umeme kwa sababu yake, na umeme ukishafika shuleni hauondoki na mradi. Lakini katika miaka hiyo yote maswali yaliyoulizwa bungeni, magazetini na katika mikutano ya wazazi yalikuwa ya hesabu: vimefika vingapi, vimeibwa vingapi, vimeharibika vingapi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza mtoto anapokosea kusoma neno lililo kwenye kioo cha kishikwambi, ni nani humsikia.

Wenzetu wa Peru walitangulia kwenye njia hiyo. Waligawa mamia ya maelfu ya vipakatalishi kwa watoto wa shule, wengi wao wa vijijini. Uchunguzi uliofanywa katika shule 319, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba baada ya takriban miezi 15 kompyuta zilikuwapo na watoto walizitumia, lakini alama zao za hisabati na lugha hazikupanda kuliko za wenzao ambao hawakupewa. (Mimi husema kompyuta, wapenzi wa tarakilishi tutaonana katika makala nyingine.)

Yamkini kuna msomaji aliyekwisha kunitia katika kundi la wazee wanaoililia chaki. La hasha. Mimi ni mtoto wa redio. Miaka ya mwisho ya 1980, nilipokuwa katika shule ya msingi, mwalimu wetu alikuwa akiiweka redio juu ya meza saa ya kipindi cha shule ilipofika, nasi tukakaa kimya kama tulio msikitini. Vipindi hivyo vilitayarishwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya, na mapema katika mwongo huo nchi yetu ilikuwa mojawapo ya zile zilizofanyiwa majaribio ya kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini. Mbinu yenyewe ilikuwa ya werevu: sauti redioni huuliza swali, hunyamaza kwa sekunde kadhaa ili watoto wajibu kwa pamoja, kisha hutoa jibu sahihi. Redio, bila shaka, haikuwa na masikio. Ikiwa tulikosea, yenyewe iliendelea kutupongeza. Aliyesikia kwamba safu ya nyuma imejibu vingine alikuwa mwalimu aliyesimama kando, mikono nyuma, akipita kati ya madawati. Kipindi kilipokwisha, aliifunga redio na kuanza na ile safu ya nyuma.

Kuanzia Machi 2020 korona ilipofunga shule, hadi zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, tulirudi kwenye redio na televisheni kwa watoto waliokuwa nazo. Safari hii yule wa kusimama kando hakuwapo. Sauti iliuliza, ikanyamaza kidogo, ikatoa jibu. Majumbani mwetu, wengi tuliokuwa na watoto tunajua kilichotokea katika kile kimya cha sekunde chache.

Sasa nije kwenye ushahidi wa hapa nyumbani, ambao nadhani haujapata kusomwa na wengi wanaopitisha bajeti za vifaa. Kabla ya mpango wa kitaifa wa Tusome kuanzishwa mwaka 2015, watafiti walifanya jaribio katika shule za Kisumu. Shule zilizoshiriki zilipewa msingi ule ule: vitabu vya kutosha kila mtoto, miongozo ya walimu na mafunzo ya namna ya kufundisha kusoma. Juu ya msingi huo, shule ziligawanywa. Katika kundi moja wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Katika kundi la pili walimu ndio waliopewa vishikwambi. Katika kundi la tatu, darasani hakukuingia kifaa chochote. Kishikwambi alipewa afisa anayezuru shule, akaketi nyuma ya darasa, akatazama somo na kumshauri mwalimu baadaye.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalikuwa kwamba watoto wa makundi yote matatu walisoma vizuri zaidi kuliko wale wa shule zisizokuwa kwenye mpango, lakini makundi yenyewe hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Kumtia mtoto kifaa mkononi hakukuongeza chochote cha kuonekana juu ya kile kilicholetwa na kitabu, mwongozo na mafunzo. Gharama, hata hivyo, zilitofautiana sana, kwani mtu hahitaji kuwa mhasibu kujua kwamba kishikwambi cha afisa mmoja anayehudumia shule nyingi ni rahisi kuliko kifaa kwa kila mtoto. Tusome ilipoenea nchi nzima, njia ya afisa ndiyo iliyochukuliwa. Katika kila ziara afisa aliwaita watoto wachache, aliwasomesha kwa sauti, na kurekodi katika kishikwambi ni maneno mangapi wameyasoma sawasawa kwa dakika moja.

Angalia alichokifanya mtaalamu aliyebuni mpango huo, awe alikusudia au hakukusudia: alikitumia kifaa kukusanya makosa. Kishikwambi hakikumfundisha mtoto kusoma. Kilimfanya mtu mzima aketi na kumsikiliza mtoto akisoma, jambo ambalo katika darasa la watoto sitini halitokei lenyewe.

Mwaka jana, katika mzunguko wangu wa kuwakagua wanafunzi walio katika mazoezi ya kufundisha, nilifika shule moja ya msingi ambayo sitaitaja. Mwalimu mkuu alinionyesha kabati la chuma ofisini mwake, akalifungua kwa funguo mbili. Vishikwambi vilikuwa vimepangwa kama sahani za harusi. Niliuliza hutumika lini. Akasema, kwa unyofu uliozidi matarajio yangu, kwamba huviogopa, kwa sababu kikipotea kimoja ni yeye atakayeulizwa. Sikumlaumu. Mtu aliyepewa chombo pamoja na kitisho huhifadhi chombo.

Katika darasa la nne la shule hiyo hiyo nilimkuta mwalimu wa Kiswahili, si mwanafunzi wangu bali mwalimu wa kudumu, mama wa makamo, aliyekuwa akifanya jambo ambalo hakuna semina iliyomfundisha. Aliwaita watoto watatu watatu mbele. Kila mmoja alisoma sentensi mbili huku yeye akimrekodi kwa simu yake mwenyewe. Halafu aliwarudishia sauti zao. Eneo lile wengi ni wasemaji wa Kikuyu, na msichana mmoja alikuwa amesoma "mkurima" badala ya "mkulima". Alipojisikia, alishika mdomo. Hakuna aliyemwambia. Mwalimu alimtaka arudie, akarudia, akamrekodi tena, na darasa zima likawa hakimu. Jambo hilo lilichukua dakika nne. Nilipomuuliza alikoupata ujuzi huo alinijibu, "Mwalimu, nilichoka kuwa mimi tu ninayesikia." Sijapata kusoma makala ya kitaalamu inayolieleza tatizo hili kwa ufupi kuliko hivyo.

Ni haki pia kusema yale ambayo mashine huyafanya na ambayo mimi, na mwalimu yeyote, hatuyawezi. Mwanafunzi asiyeona sasa anaweza kusomewa matini na kompyuta bila kumsubiri rafiki. Katika somo langu la semantiki hutumia hazinalugha ya Kiswahili iliyokusanywa Helsinki: ukitafuta kitenzi kimoja, unaletewa matumizi yake mamia kwa mamia kutoka katika maandishi halisi, nao wanafunzi wanaweza kubishana kuhusu maana kwa ushahidi, wala si kwa "kwetu tunasema hivi". Walimu wangu walilifanya hilo kwa kadi zilizojaa makasha ya viatu, na kazi ya mwaka ilikuwa maneno kumi. Nisingependa kurudi huko. Lakini tazama kwamba katika matumizi yote mawili mwanafunzi anaongezewa cha kufikiria. Hapunguziwi kufikiria kwenyewe.

Hofu yangu ya sasa inahusu alama. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na waliingia kwa utaratibu mpya wa kupima: asilimia 60 kutoka mtihani wa mwisho wa sekondari msingi, asilimia 20 kutoka tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Kwa nadharia ni utaratibu bora kuliko ule wa mtihani mmoja wa kufa na kupona, na niliutetea mahali pengi. Umejengwa, hata hivyo, juu ya imani kwamba kazi iliyofanyika shuleni kwa miaka miwili ni ya mtoto mwenyewe. Kila mzazi aliyekesha akikata maboksi ya mradi wa mwanawe anajua imani hiyo ilikuwa na nyufa hata kabla ya akili unde. Sasa mtoto mwenye simu nyumbani ana mwandishi wa insha asiyelala, ilhali mtoto wa Turkana au wa Tana River asiye na simu ana penseli yake. Huyu wa penseli ataonekana mwenye makosa mengi. Atapangwa kwa makosa hayo. Na yule mwingine, ambaye makosa yake yamefunikwa, atafika Gredi ya 10, na mwishowe atafika kwangu, akiwa na kanuni ile ile ya I-ZI aliyokuwa nayo akiwa na umri wa miaka minane.

Nitaulizwa: mwalimu mwenye insha sitini za kusahihisha na vipindi vya kutwa nzima atapata wapi muda wa kuchunguza makosa kama mtafiti? Swali hilo ni zito, na sina jibu lisilogusa fedha. Makosa husomwa na watu, na watu hulipwa mishahara. Kila tunapoambiwa kwamba kifaa fulani kitafidia upungufu wa walimu, tuulize ni sehemu gani ya kazi ya mwalimu kitakachoifidia. Kupiga hesabu za alama? Sawa. Kuandaa mazoezi? Huenda. Kumsikia msichana aliyesoma "mkurima", na kuamua kama ni ulimi, au ni jicho, au ni njaa ya asubuhi? Hapo ni mtu anayehitajika, na ni heri tuajiri mwalimu mmoja zaidi kuliko kujaza kabati la pili la chuma.

Kwa upande wangu, nimebadilisha utaratibu. Insha ya kwanza huandikwa kwa mkono, darasani, mbele yangu. Wakienda nyumbani wana ruhusa ya kuiuliza mashine yoyote waitakayo iirekebishe. Wanarudi na nakala zote mbili, na alama sizitoi kwa nakala iliyo safi. Nazitoa kwa maelezo, ambayo mwanafunzi huyatoa kwa mdomo, kuhusu kila kilichobadilishwa na kwa nini. Yule wa "kitambulisho yangu" aliniambia wiki ya tatu, bila kuulizwa, kwamba amegundua "ana ngeli moja tu ya vitu". Nilitaka kumkumbatia.

Mashine nayo haikosi makosa. Hupenda kuandika kwamba kitu fulani "kinacheza jukumu muhimu", Kiingereza kilichovikwa kanzu. Ingawa sisi tunaoandika magazetini tulikuwa tumekwisha kumvika kanzu hiyo mapema, kwa hiyo sijui ni nani amemwambukiza mwenziwe. Juma lililopita msichana mmoja kutoka Lamu alikuja na nakala zake mbili. Kwa mkono wake alikuwa ameandika "nyanya yangu yu mgonjwa". Mashine ilikuwa imebadilisha ikaweka "ni mgonjwa". Alikataa kukubali sahihisho hilo. Alisema "ni mgonjwa" anaweza kuisema mtu yeyote kuhusu mtu yeyote, lakini kwao "yu mgonjwa" ni neno la aliyetoka chumbani kwa mgonjwa sasa hivi. Mwenzake wa Kakamega akapinga, akasema hakuna tofauti, ni ukale tu. Tukafungua hazinalugha, tukatafuta "yu", mifano ikamiminika, darasa likagawanyika pande mbili. Saa ilipokwisha tulikuwa bado hatujafika kwenye sentensi yake ya pili.